Gari la kunishusha Soni

Kijana alikuwa ameshanyanyua ndoo ya maji usawa wa kifua, anataka kuimwaga kwenye tairi, dereva akamkemea kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Acha! Weka ndoo chini!"

Tulikuwa Mombo, Jumapili asubuhi, tumetoka kushuka Lushoto ambako usiku wake tulihudumia harusi kwa maturubai na viti vyetu vya kukodisha. Moshi mweupe ulikuwa unafuka kwenye tairi la nyuma la HiAce yetu, iliyokuwa imevuta tela la jenereta. Harufu yake mpaka leo ikinipitia naijua, kama ukucha ulioungua uliochanganyika na lami ya moto. Dereva alisema dramu ya breki ikipata joto lile halafu ukaimwagia maji ya baridi, inapasuka. Akaweka mawe mbele ya matairi, akatuambia tukae kando kivulini. Tukakaa. Hakuna aliyezungumza.

Kisha akaniita nyuma ya tela.

"Mama, pale chini ya Soni pedali ilikwenda mpaka kwenye kapeti. Nimepampu mara tatu ndiyo ikashika."

Ndani ya gari tulikuwa saba. Vijana watano, yeye, na mimi.

Anayeijua barabara ile ya mlimani, ya Lushoto kupita Soni mpaka Mombo, hahitaji nimweleze upande wa bonde ukoje.

Jambo hili nimelala nalo na kuamka nalo wiki sita. Nimepima, nimeuliza, nimegombana na mume wangu, nimebadili mawazo mara tatu. Leo nimekaa niliandike lote, kwa sababu najua wenzangu wengi wa kukodisha maturubai, wa muziki na wa mabwawa ya samaki wanavuta tela kwa gari lolote lililopo nyumbani, kama nilivyokuwa nikifanya mimi.

Kila mtu alikuwa na jibu

Nilirudi Korogwe nikiwa na swali moja tu: niendelee na HiAce au ninunue pikapu?

Jibu nilipewa kabla sijamaliza kuuliza. Pikapu. Shemeji yangu alisema pikapu. Muuza vipuri alisema pikapu. Dereva wangu, ambaye ameiendesha HiAce ile kama yake kwa miaka minne, aliangalia chini halafu naye akasema pikapu.

Nilipowauliza kwa nini, wote walinijibu neno lilelile: "Ina nguvu."

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanzia. Maana HiAce haikukosa nguvu. Ilipanda kutoka Mombo hadi Lushoto Jumamosi ile na mzigo wote, ikapita maporomoko ya Soni, ikafika kabla ya saa sita. Hakuna aliyelalamika. Kilichotaka kutuua ni kushuka, na kushuka hakuhitaji nguvu ya injini. Nikaona watu wananijibu swali ambalo sikuuliza.

Halafu gari la bodi, lililofungwa pande zote kama HiAce, lina mazuri yake ambayo mtu asiye kwenye kazi hii hayaoni. Turubai likinyeshewa mvua ya Usambara likafungwa vilevile, siku ya tatu lina madoa meusi ya ukungu, na bibi harusi gani atakubali kukaa chini yake? Ndani ya HiAce maturubai yanakaa makavu, nyaya zimefungiwa, usiku unafunga mlango na kulala. Na vijana wanakaa kwenye viti. Hili la vijana nitalirudia, kwa sababu ndilo lililoniumiza kichwa kuliko yote.

Mzani

Wiki ya pili nikafanya jambo ambalo ningelifanya siku tuliyonunua jenereta. Niliomba kupima kwenye mzani wa magari wa kiwanda kimoja hapa jirani, wakanikubalia saa ya chakula cha mchana.

Mimi nilikuwa nikiamini tela letu lina kilo 900 hivi, kwa sababu jenereta lenyewe lina kilo 850. Nilisahau kuwa chuma cha tela nacho ni mzigo. Nikasahau dizeli ya akiba, roli za nyaya, masanduku ya taa na spea tairi.

Mzani ulisoma 1,460.

Nilimwomba kijana wa mzani asome tena. Akasoma tena.

Tela letu halikuwa na breki. Kwenye vitabu vya magari mengi ya aina hizi, pikapu zikiwemo, tela lisilo na breki zake lenyewe linakomea kilo 750. Hata Hilux, pikapu ile ambayo kila mtu alinisukumia, kitabu chake kinaruhusu kilo 2,500 kwa tela lenye breki, lakini kwa lisilo na breki kinarudi palepale kwenye 750. Kwa hiyo kama Jumatatu ile ningekwenda kununua pikapu kwa mkopo, ningeshuka Soni na tela lenye uzito karibu mara mbili ya kinachoruhusiwa, huku moyo wangu umetulia kabisa.

Hilo lilinitisha kuliko moshi wa Mombo.

Upande wa HiAce hali ilikuwa mbaya zaidi. Australia, ambako gari la umbo kama letu liliuzwa jipya, kikomo chake cha dizeli kilikuwa karibu kilo 1,400, na hapo tela liwe na breki. Sisi tulikuwa tumeshapita.

Kilo 30

Baada ya mzani ule nikawa kama mtu aliyefunguliwa macho, nikataka kupima kila kitu. Dereva akaniambia tupime na ulimi, ile sehemu ya mbele ya tela inayokaa kwenye gari. Tukachukua mzani wa kupimia magunia ya mahindi kwa jirani, tukauwekea kipande cha ubao, tukaushusha ulimi juu yake polepole na jeki.

Kilo 30.

Kawaida inayotakiwa ni kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote wa tela. Letu lilitakiwa liukandamize mkia wa gari kwa kilo 140 na kidogo, lenyewe lilikuwa linaugusa tu. Mzigo ulikuwa umekaa nyuma ya ekseli, kile chuma kinachoshika matairi ya tela: jenereta katikati-nyuma, pipa la dizeli mwisho kabisa kwa sababu pale ndipo linapofikika kwa urahisi. Tela la namna hiyo likifika mwendo fulani linaanza kuyumba kushoto kulia, na kila linapoyumba linaukokota mkia wa gari. Dereva alikiri kwamba eneo la Mazinde, barabara imenyooka, mara mbili alilisikia likicheza. Hakuniambia. Alidhani ni upepo.

Tulifungua boliti nane, tukasogeza jenereta mbele sentimita 30, pipa tukalihamishia mbele. Ulimi ukasoma 148. Kazi ya asubuhi moja, gharama yake ilikuwa chai na chapati za vijana.

Ufa

Nilimpelekea mzee mmoja fundi wa bodi HiAce yenyewe. Nilimwamkia, akaitikia, akalala chini ya gari na tochi ya simu. Alikaa kule muda mrefu. Akatoka na kipande cha chaki mkononi.

"Njoo uone mwenyewe, mwanangu."

Nikatandika khanga, nikaingia chini. Kile chuma cha kuvutia tela kilikuwa kimefungwa kwa boliti nne zilizopita kwenye sakafu ya gari, na juu yake wamechomelea kidogo kila upande. Fundi alikuwa amechora duara za chaki. Ndani ya kila duara, kuanzia kwenye tundu la boliti kwenda nje, kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele, wa rangi ya kutu. Duara ya tatu, mstari ulikuwa mrefu kuliko kidole changu cha kati. Alipokitikisa kile chuma kwa mkono, mstari ulifunguka na kufunga, kama mdomo wa samaki.

"Hapa mlikuwa mmefunga mzigo kwenye bati," akasema.

Ndipo akanieleza kitu nilichokuwa nikikisikia bila kukielewa. HiAce ya sasa haina chesisi iliyojitenga, yaani fremu ya chuma ya chini inayobeba gari. Bodi ndiyo chesisi, bati limekunjwa likawa boriti. Kwa kubeba liko imara, ndiyo maana tunaziona barabarani zimejaa watu miaka na miaka. Lakini ukitaka kulivutia tela inabidi chuma chako kiende kikashike zile boriti ndefu za chini, kigawane mvutano sehemu nyingi, siyo kutoboa sakafu. Pikapu imejengwa juu ya chesisi ya ngazi, vyuma viwili virefu kutoka mbele mpaka nyuma na vingine vimekatiza, na chuma cha kuvutia kinafungwa pale pale.

Nilimuuliza kama HiAce inaweza kutengenezwa ivute vizuri. Hakunidanganya. Akasema inaweza, kwa tela jepesi. "Kwa hili lako, mimi sitaki jina langu liwe chini ya gari hilo."

Yaliyonichanganya

Hapa ningeweza kusema basi, pikapu imeshinda. Lakini nilikuwa na futi ya fundi cherehani kwenye pochi, na nilikuwa nimeonja raha ya kupima.

Watu walinieleza kuwa ubaya wa gari la bodi ni mkia mrefu: tela linakandamiza mbali nyuma ya tairi, mbele ya gari inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi. Ni kweli kanuni iko hivyo. Nikapima HiAce: kutoka katikati ya tairi la nyuma hadi kwenye kichwa cha kuvutia ni mita 1.2, na kati ya tairi la mbele na la nyuma ni mita 2.57. Kilo 148 za ulimi zinaondoa kama kilo 70 kwenye matairi ya mbele. Kisha nikaenda kupima Hilux ya jirani, ya milango minne. Mkia mita 1.3, kati ya matairi mita 3.08. Inaondoa kilo 62.

Kilo 70 na kilo 62. Tofauti ndogo kuliko nilivyotarajia.

Na breki? Zote mbili mbele diski, nyuma dramu. Ukikuta pikapu kuukuu yenye breki mbovu, haitakushusha Soni vizuri kuliko HiAce yenye breki nzima.

Tena pikapu ina ugonjwa wake. Springi zake za nyuma zimetengenezwa kwa tani moja. Ikiwa tupu, tako linarukaruka, na kwenye udongo mwekundu uliolowa wa kwenda vijijini, ule unaoshika kiatu, mkia unateleza haraka. Hapo inabidi uweke magurudumu manne, injini izungushe matairi yote. Nilimkuta dereva mmoja anayeendesha na magurudumu manne hata kwenye lami kavu akidhani ndiyo usalama, wakati pikapu nyingi za aina hiyo zikifanyiwa vile zinakaza vyuma vya ndani na kuvila.

Wiki hiyo ya nne nilirudi nyuma. Nilikaribia kabisa kubaki na HiAce, nitengeneze chuma upya, nipunguze tela.

Ndoo sita

Aliyenitoa hapo ni mwanangu wa kidato cha tano. Alikuwa likizo, ananisikiliza mezani nikihesabu. Akauliza gari na tela na sisi wote tulikuwa kilo ngapi. Nikajumlisha: gari tupu, viti 200, watu saba, tela. Kama kilo 4,200.

"Na kutoka Lushoto mpaka Mombo mnashuka mita ngapi?"

Karibu mita 1,000.

Akaandika nyuma ya kitabu changu cha risiti. Dakika mbili. Akasema joto ambalo lazima litoke mahali fulani ili kitu cha uzito ule kishuke mita zile na kufika chini kimesimama, linatosha kuchemsha maji lita 120, kuanzia ya bomba.

Ndoo sita za lita 20.

Nilifikiria jiko langu la shughuli, kuni zinazotumika kuchemsha ndoo sita. Sehemu kubwa ya moto ule, siku ile, iliingia kwenye diski mbili na dramu mbili za HiAce, maana tela halikuchangia chochote. Mafuta ya breki yakachemka, yakatoa mvuke, na mvuke unabinyika, haubebi mguu wa mtu. Ndiyo pedali ikaenda kwenye kapeti.

Nikamuuliza dereva alishuka na gia gani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema ya tatu, na mara nyingine ya nne.

Sikumlaumu. Mimi ndiye niliyemwambia aharakishe. Tulikuwa na viti vya msiba vya kufikisha Korogwe kabla ya saa saba, na nilitazama saa kila kona. Kwa gia ya pili injini ingebeba sehemu kubwa ya zile ndoo, tungechelewa nusu saa, na wafiwa wangetuelewa.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichonunua hakikuwa gari. Nilinunua ekseli yenye breki kwa ajili ya tela, na ulimi mpya wa kujisukuma: gari likipunguza mwendo, tela linalisukuma kwa nyuma, ulimi unaingia ndani kidogo kama droo, unavuta kamba ya chuma, breki za tela zinashika zenyewe. Ina usumbufu wake. Ukirudi nyuma mlimani tela linajifunga, lazima kijana ateremke akaweke pini. Na kwenye mteremko mrefu nazo zinapata moto, hazikuondolei gia ya pili. Lakini sasa zile ndoo sita zina mafiga zaidi ya kukaa.

Vijana

Baada ya hapo swali la gari lilirudi likiwa dogo zaidi, nikaweza kulitazama bila hofu. Tela lenye breki la kilo 1,500 hivi, ekseli mpya ikiwemo, barabara ya Soni, udongo wa Bumbuli masika. Kwa kazi hiyo, gari lenye chesisi na magurudumu manne. Pikapu.

Isipokuwa vijana.

Nani asiyewaona? Pikapu imebeba maturubai, viti juu yake, na juu ya viti vijana watatu wanne wamekaa, mmoja ameshika kamba, mwingine amelala kabisa kwa uchovu wa kukesha. Wanaimba. Watu wanawapungia. Gari likifunga breki ghafla hakuna kinachowashika. Hao ni watoto wa watu. Wa kwangu mmoja mama yake alinikabidhi kwa mkono wake mwenyewe, akaniambia, "Dada, huyu ndiye niliyebaki naye."

Nisingeweza kununua gari lililo salama kwa tela halafu nikawatoa hao kwenye viti nikawaweka juu ya mzigo.

Dabo kebini inachukua watano. Sisi ni saba. Mume wangu alisema wawili wakae nyuma, siku moja moja tu. Tuligombana hapo kwa siku mbili. Mwisho tulikubaliana kuwa wawili wanapanda basi, nauli naiweka kwenye hesabu ya kila shughuli kama ninavyoweka dizeli, na mteja wa Lushoto anaambiwa bei yenye nauli hizo ndani. Mpaka sasa hakuna aliyekataa.

Turubai na lenyewe limepata kofia: kifuniko cha bati cha nyuma chenye kufuli. Viti vinapanda safari ya pili au tunakodi kirikuu ya kule kule juu. Safari zimeongezeka. Hilo sitalificha.

Bei

Nilishangaa kwa nini pikapu kuukuu ni ghali vile wakati HiAce zimejaa kila yadi. Majina haya mawili yalitoka Toyota yakipishana mwaka mmoja tu, HiAce 1967 na Hilux 1968. Lakini Hilux iliacha kuuzwa Japani yenyewe mwaka 2004 hadi 2017, na sisi magari yetu kuukuu mengi yanatoka huko. Hilux za miaka hiyo unazipata kupitia Thailand zinakoundwa, Uingereza, Dubai, au minada ya miradi hapa nchini. Chache, na kila mtu anazitaka.

Nilinunua ya mnada, imechoka viti lakini chesisi yake fundi aliikagua na tochi ileile, na chaki ileile. Hakuchora duara hata moja.

Boliti nne

HiAce ilipata mnunuzi wiki iliyopita. Baba mmoja wa Muheza, anataka kupeleka watoto wa shule. Alizunguka gari, akafungua milango, akakaa nyuma kwenye kila kiti kimoja kimoja akijaribu mikanda. Nilimpenda kwa hilo. Nikamwonyesha duara za chaki na nikampunguzia bei, akakubali kuziba nyufa kwa fundi huyo huyo kabla ya kubeba mtoto yeyote.

Alipofika nyuma akakiona kile chuma.

"Kumbe na tela inavuta?"

Nikamwomba anipe nusu saa. Dereva akaleta spana namba 19, nikatandika khanga yangu, tukaingia chini wote wawili. Boliti tatu zilitoka vizuri. Ya nne ilikuwa imeshikwa na kutu, ikabidi tuikate.